Nafasi ya Sita

Samcheok, 3 Mei

Mdogo wangu Taegyun,

Za huko Jeonju? Sisi tupo. Baba Eunsol bado yuko kiwandani kwenye saruji, kifua kinambana, lakini ukimtajia hospitali anajifanya hasikii. Duka la vitoweo linakwenda. Figili mwezi huu hazishikiki bei, kwa hiyo nauza dagaa wa kukaanga na majani ya ufuta. Yule mama wa duka la jirani amefunga, amehamia kwa mwanawe, na sasa sina hata wa kusengenya naye.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Unajua alivyotuzoesha mama tangu ulipokuwa jeshini: jambo jepesi lipigiwe simu, jambo zito liandikwe. Yangu ni mawili na yote mazito.

La kwanza, tarehe kumi na tisa ni tambiko la marehemu baba. Mwaka jana hukuja. Mwaka juzi ulifika chakula kimeshapoa. Mimi nitapika, nitapanga meza, Baba Eunsol atapiga magoti kama kawaida yake, lakini wa kummiminia baba pombe ni wewe, mtoto wa kiume hana mwingine. Na usiniletee habari za shule. Shule ipo kila siku, baba anakuja mara moja kwa mwaka.

La pili ni Eunsol. Huu ndio mwaka wake wa mwisho sekondari, na bado anang'ang'ania udaktari wa mifugo, tena Seoul. Shuleni kwao mwalimu mshauri wa mambo ya vyuo ni kijana anaitwa Bang, ndiyo kwanza mwaka wa pili kazini. Nilipokwenda kumwona alikuwa anatafuta kalamu aliyoishika mkononi. Sasa nina mdogo wangu anayewapangia watoto wa watu vyuo miaka yote hii, halafu binti yangu nimpe huyo? Utampangia wewe.

Njoo. Figili za chachu nitakuwekea, ingawa bei ndiyo hiyo.

Dada yako,
Malsun


Jeonju, 10 Mei

Dada,

Nimeipata barua yako. Mimi mzima, ila jino la nyuma linanisumbua. Watoto wangu wa kidato cha mwisho wameanza kulala darasani macho wazi, kama kila mwaka.

Nitakuja. Siku hiyo nilikuwa na kitu, nimekiacha.

Ya Eunsol tutayaongea nikifika. Mwambie anitunzie karatasi zote za alama zake.

Taegyun


Jeonju, 28 Agosti

Dada,

Joto la huku halijapungua. Kitanda nimekihamishia sebuleni kwenye feni. Sigara nimepunguza, sijaacha, usishangilie. Mama mwenye nyumba bado ananitafutia mke. Juzi kaleta picha ya mwanamke mwenye duka la dawa, nikamwambia dawa zangu zinanitosha.

Nimekaa na alama za Eunsol. Nakueleza taratibu, soma mara mbili, kisha mpe naye asome.

Awamu ya kwanza ya maombi ni kabla ya mtihani wa taifa. Wanatazama alama za shule. Anachagua vyuo sita, havizidi. Awamu ya pili ni baada ya mtihani, na hapo wanatazama mtihani wenyewe. Sasa sikiliza vizuri: chuo chochote kati ya vile sita kikimpokea, awamu ya pili amefungiwa. Hata akikataa, hata akilia, hata awe ameshika namba moja nchi nzima. Sisi walimu tunaita kutekwa.

Alama zake za shule ni za katikati, lakini mitihani ya majaribio anapanda kila mara. Kwa hiyo nafasi tano nimeziweka juu kabisa, zote udaktari wa mifugo. Vikimkataa vyote si neno, awamu ya pili inamngoja. Ya sita ni kile chuo kilicho karibu na kwenu, idara ya chakula na lishe, kwa sababu uliniomba kwenye simu nikutafutie kimoja cha uhakika ulale usingizi.

Usiogope kutekwa. Chuo hicho usaili wao ni Jumamosi baada ya mtihani. Akiona mtihani umemwendea vizuri, haendi kwenye usaili, wanamkataa, yuko huru. Ukimwendea vibaya, anakwenda, wanampokea. Ni mlango wa kutokea na kuingilia. Miaka tisa napeleka watoto pale, nakijua chuo kile kama jikoni kwangu.

Taegyun


Samcheok, 19 Septemba

Taegyun,

Sikukuu ya mavuno imepita, na sahani yako tuliiweka. Wifi zangu walikuja, wakala, wakasema nimenenepa, wakaondoka na vitoweo vya wiki nzima. Baba Eunsol amekubali kwenda hospitali, lakini ameniambia atakwenda "hali ya hewa ikitulia". Sijui kifua na hali ya hewa vinahusianaje.

Maombi yamekwenda. Eunsol alikaa kwenye kompyuta, baba yake kasimama nyuma kaunganisha mikono kama yuko kwenye tambiko. Sita zote kama ulivyoandika, hakubadilisha hata moja.

Siku mbili kabla, yule Mwalimu Bang alipita dukani. Ana maneno mengi kijana yule. Nikamwambia mjomba wa Eunsol ameshapanga, nikamfungia dagaa, akaenda zake.

Jino vipi? Nenda likang'olewe.

Malsun


Samcheok, 21 Oktoba

Mdogo wangu,

Huku baridi imeshuka kutoka milimani mapema. Kabichi za kuchachusha kimchi nimeshaagiza.

Jumanne Eunsol alitimiza miaka kumi na minane. Nilimpikia supu ya nyama. Supu ya mwani hajaionja mwaka mzima, hata ya siku ya kuzaliwa; mwani unateleza, na anayengoja mtihani hatakiwi kuteleza. Hata ile ninayouza nilikuwa naificha akipita dukani. Anacheka, anasema mama una akili za kale, lakini mwenyewe pia haifunui sufuria.

Usiku analala kwa muda wa saa nne tu. Anasoma akisimama ili asisinzie. Ana kidonda mdomoni, nakipaka asali.

Swali lake kwako: mbona tarehe ya usaili ya kile chuo cha sita haionekani popote kwenye tovuti yao? Nimemwambia asome, mjomba wake anajua.

Malsun


Jeonju, 30 Oktoba

Dada,

Barua imefika. Jino nimeng'oa.

Mwambie Eunsol asiifungue tena tovuti ile. Asome tu. Usimwambie neno jingine zaidi ya hilo.

Nimemtumia peremende za mchele za kunata, apate kunata chuoni. Za kwanza nilizonunua niliona hazinati sawasawa, nikatafuta nyingine. Ale moja asubuhi ya mtihani.

Naomba mpaka mtihani upite usinipigie simu. Shuleni ni vurugu.

Taegyun


Samcheok, 19 Novemba

Taegyun, mdogo wangu,

Haya, leo sina habari ya figili.

Alhamisi nilimsindikiza hadi langoni. Watoto wa vidato vya chini walikuwa wanaimba na kugawa chai. Mlango ulipofungwa nilibaki palepale na akina mama wengine, kila mmoja anamwomba wake. Alipotoka jioni tulirudi nyumbani. Tulikula, akajifungia, akajisahihisha na majibu yaliyotolewa kwenye mtandao. Kisha akaja jikoni akaniambia, "Mama, imefika." Nikamwuliza nini imefika. Akasema alama. Udaktari wa mifugo, Seoul, imefika na imezidi.

Baba yake alitoka nje. Nikadhani anakwenda kukohoa, kumbe analia.

Leo ndiyo ile Jumamosi yako ya usaili. Hakuna aliyemwita wala kumpigia. Amelala hadi saa sita mchana, na mimi nimekaa mlangoni kwake kama mlinzi nikisikiliza anavyokoroma. Nimefurahi hadi wateja nimewapunguzia bei.

Ahsante, mdogo wangu. Mbona simu hupokei?

Dada yako


Jeonju, 24 Novemba

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama Eunsol yuko karibu, iweke barua hii, uisome akiwa hayupo.

Usaili haupo. Mwaka huu wameufuta. Wanachukua alama za shule peke yake, na alama zake za shule kwa idara ile zinatosha. Hakuna mlango wa kutokea. Wakimpokea, ametekwa, na mtihani wake hauna kazi.

Nilijua barua yako ya Oktoba ilipofika. Nilifungua tovuti yao nikiwa naudhika kwamba mtoto ananihakiki, nikakuta ndivyo ilivyo. Maombi yakishafungwa hayatolewi. Nilipiga simu chuoni. Dada aliyepokea alinijibu kwa adabu sana kwamba mabadiliko walishayatangaza kwa walimu washauri wote kwenye mkutano wa mwezi Mei, Daejeon. Nikamwambia ahsante.

Sikutazama taarifa za mwaka huu za chuo kile. Niliandika kwa mazoea. Ndilo kosa, na ni langu.

Sikukwambia kwa sababu mtoto angeingia kwenye mtihani akijua haumsaidii. Na kwa sababu niliogopa, nisijifanye mwema.

Majibu yao ni tarehe kumi na sita Desemba. Tangu Oktoba kila nikiamka naomba wamkatae mpwa wangu. Mimi ambaye kazi yangu ni kuomba watoto wapokelewe.

Taegyun


Samcheok, 12 Januari

Taegyun,

Baba Eunsol alikwenda hospitali. Si kitu kikubwa, amepewa dawa na kuhamishiwa ofisini, upande wa stoo. Mimi mzima. Duka nimelifungua kila siku.

Wamempokea. Vile vitano vilimkataa, kama ulivyosema. Hicho kimoja kilimpokea wa kwanza kwenye orodha yao, tena na barua ya pongezi.

Sikukuandikia muda wote huu kwa sababu sikuwa na la kuandika. Sijakasirika. Ningekasirika ningekupigia nikakutukana, ungenijua. Nimekufa ganzi tu. Ukiosha kabichi za kimchi kwenye maji ya Desemba, kisu kikikukata unaona damu kwanza, maumivu yanakuja baadaye. Nimeona damu. Bado nangoja.

Nilimwambia mwenyewe, kabla ya majibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kabichi zimebaki za kutia chumvi, tukazitia. Siku ya majibu alirudi kutoka maktaba akavua viatu, akasema, "Mama, nipikie supu ya mwani. Sasa nitateleza wapi tena?" Nilimpikia. Alikula bakuli mbili mbele yangu.

Shule imetundika kitambaa kikubwa langoni, majina ya waliopokelewa na vyuo vyao. Lake lipo juu. Watu wanakuja dukani kunipa hongera, nami nawaambia ahsante na kuwapimia dagaa. Yeye akienda mjini anapita njia ya nyuma, kwenye majaruba, ili asikione.

Chuoni hakujiandikisha. Analala sana.

Nina swali moja na nataka jibu. Nimesikia mkutano ule wa Mei walimu wa nchi nzima walikwenda, na wewe ndiye mkuu wa washauri wa shule yenu. Wewe ulikuwa wapi?

Malsun


Jeonju, 1 Februari

Dada,

Nashukuru kusikia kifua cha shemeji si kitu kikubwa. Huku theluji imeanguka nyingi.

Mkutanoni sikwenda. Sababu ilikuwepo, lakini sababu haimrudishi Eunsol Novemba. Usiniulize tena, nakuomba.

Nimemwomba mkuu wa shule anitoe kwenye ushauri. Amesema nimalize mwaka. Kwa hiyo watoto wanakuja, wanakaa mbele yangu na alama zao, nawapangia. Kila chuo sasa nakisoma mara tatu, hata cha mjini kwetu. Wanadhani nimekuwa makini.

Eunsol akitaka kurudia mtihani huku, ambako kuna shule za kurudia, chumba changu kipo. Mimi hata hivyo nalala sebuleni.

Taegyun


Samcheok, 24 Aprili

Mdogo wangu Taegyun,

Miti ya cheri imeshamaliza kuchanua huku, barabara yote ya kiwandani ilikuwa nyeupe na maua na vumbi la saruji, huwezi kutenganisha. Baba Eunsol anapenda kazi ya stoo, ingawa anajifanya analalamika. Yule mama jirani alinitembelea. Tulisengenya mchana kutwa, nikajisikia nafuu kidogo.

Eunsol anarudia. Amekataa kuja kwako, na si kwa hasira. Anasema akikaa na mjomba mtatazamana tu kama watu waliovunja sahani. Anasoma kwenye maktaba ya mji na Jumamosi ananisaidia dukani. Kidonda mdomoni kimepona. Anacheka mara mojamoja. Supu ya mwani tumeiacha tena.

Sasa lile zito.

Wiki iliyopita Mwalimu Bang alikuja kununua kitoweo. Miezi yote hii alikuwa anapita upande wa pili wa barabara. Safari hii nilimwita mwenyewe. Nikamwuliza kama alikwenda Daejeon mwaka jana. Akasema alikwenda. Nikamwuliza kama alimwona mdogo wangu pale, mwalimu wa Jeonju. Akasema hapana, ila kadi ya jina lako ilikuwa mezani, kiti cha pili kutoka chake, nayo ilibaki palepale hadi watu wakatawanyika. Aliikumbuka kwa sababu Eunsol alikuwa amekutaja sana darasani. Nikamwuliza ilikuwa lini. Akatafuta kwenye simu yake, akaniambia tarehe kumi na tisa Mei.

Nilikuwa nimeshika kijiko cha kupimia. Nikaendelea kupima.

Kwa hiyo najua ulikuwa wapi. Ulikuwa nyumbani kwangu, umevaa suti, unammiminia baba pombe, na mimi nyuma yako nakuambia mimina polepole usimwage. Ndicho kile kitu ulichokiacha. Ungeniambia Januari. Nilikuuliza wazi, na ulikuwa na haki ya kunijibu.

Lakini na mimi nina langu, na wewe hukuniuliza.

Septemba, siku ile niliyokuandikia kwamba Mwalimu Bang ana maneno mengi, sikukwambia maneno yenyewe. Alisimama pale kwenye friji ya kimchi, kofia mkononi, akaniambia, "Mama Eunsol, kile chuo cha sita wamefuta usaili. Kitoeni." Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamjibu, "Mwalimu, mdogo wangu alianza kazi hii wewe ukiwa bado unavaa nepi." Wateja wakacheka. Yeye akawa mwekundu, akapokea dagaa wake kwa mikono miwili, akainama, akaondoka. Sikumwambia Eunsol, wala Baba Eunsol, wala wewe. Maombi yalikuwa hayajakwenda. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Barua yako ya Novemba, ile uliyoandika kosa ni langu, niliisoma nikiwa najua hivyo. Nikakuacha ulibebe. Januari nikakuuliza ulikuwa wapi, kama hakimu. Sikuwa na ganzi ya mtoto peke yake, Taegyun. Ilikuwa pia ya kujua na kunyamaza.

Nimemwambia Eunsol juzi tukikunja taulo. Alimaliza taulo lake, akaliweka juu ya mengine, akauliza kama mjomba anajua. Nikasema bado. Akasema, "Basi muandikie." Akachukua taulo jingine. Maumivu niliyokuwa nayangoja yalifika hapo, na mbele yake sikuweza kulia, nikasubiri hadi nikafunga duka.

Mwalimu Bang anampangia mwaka huu. Nilikwenda shuleni kumwomba mwenyewe, nikainama kama alivyoinama yeye, na dagaa sikubeba. Eunsol anasema nafasi atajaza tano tu, na ya sita aiache tupu. Kimoja cha uhakika sikuomba.

Mwalimu Bang ameniambia pia kwamba mkutano wa walimu washauri mwaka huu umeangukia tena siku ileile, tarehe kumi na tisa. Kwa hiyo tambiko usije. Nenda Daejeon, kaa kwenye kiti chako, usikilize hadi mwisho. Pombe Eunsol atammiminia babu yake. Nimeshamfundisha namna ya kushika birika, na Baba Eunsol hajapinga. Baba akiuliza mtoto wake wa kiume yuko wapi, nitamwambia yuko kazini.

Dada yako,
Malsun